Bushi Zilizokufa Ndani ya Miezi Minne: Kisa cha Prado la Mfanyabiashara wa Nafaka

Gari lenyewe

Gari ni Toyota Land Cruiser Prado la kizazi cha 120, kile kilichotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Ni la dizeli, liliingia nchini likiwa limeshatumika Japani, na lilipofika kwetu lilikuwa limepita kilomita laki mbili. Mwenye gari ni mama wa makamo anayenunua mahindi na mpunga vijijini na kuuza mjini. Nusu ya safari zake ni lami, nusu ni changarawe iliyofanya mikunjo kama bati. Majina, namba ya gari, mji, na gereji zilizolihudumia kabla yetu nimeviacha.

Nyuma ya Prado hili kuna ekseli nzima ngumu, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili ya nyuma, iliyokaa chini ya springi za koili. Springi kazi yake ni kubeba uzito. Haiwezi kuizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Kazi hiyo inafanywa na vyuma vitano: amu (mikono ya chuma) mbili za chini, amu mbili za juu, na rodi moja inayokingama kutoka kwenye chasisi (fremu ya gari) upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili. Kila chuma kina jicho kila mwisho, na kila jicho lina bushi, kwa hiyo jumla ni bushi kumi.

Bushi ikikatwa katikati utaona bomba dogo la chuma kwa ndani, bomba kubwa kwa nje, na mpira katikati ulioshikamanishwa na mabomba yote mawili. Wengi hudhani bomba la ndani huzunguka kwenye bolti kama bawaba ya mlango. Halizunguki. Nati ikishakazwa, breketi, yaani kishikio cha chuma kinachopokea jicho, hulibana bomba la ndani likawa kitu kimoja na chasisi au ekseli, na kila mara gurudumu linapopanda au kushuka ni mpira unaojipinda. Bila kuelewa hilo, yaliyolipata gari hili hayaeleweki.

Lilivyofika

Mama alikuja mwenyewe, dereva akiwa kwenye usukani. Salamu hazikuchukua muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii gari nimeitibu mpaka nimechoka. Kila fundi bushi, kila fundi bushi. Leo usiniambie bushi."

Dereva ndiye aliyetupa maelezo ya kutosha. Gari likifika mwendo wa 80 linayumba mkia, hasa linapopishana na lori. Akiachia mafuta ghafla linavutwa upande, akikanyaga tena linarudi. Akitoka rivasi kwenda mbele kuna kishindo kimoja kizito nyuma: kung'. Na usukani haukai katikati. Ili gari liende sawa lazima aushikilie umelala kidogo kulia.

Historia ya matengenezo ilikuwa hivi. Gereji ya kwanza ilisikia "linayumba" ikabadilisha shokapu zote mbili za nyuma. Kuyumba kukabaki. Gereji ya pili ikaona bushi zimechoka, na kweli zilikuwa zimechoka, kwa kuwa zilikuwa zile zilizokuja na gari kutoka Japani. Mama akanunua bushi zote kumi kwa mkupuo, boksi moja, za kampuni moja, si orijino ila si za bei ya kutupa. Zikafungwa kwa siku moja. Gari likatulia kabisa. Baada ya miezi minne kishindo kikarudi, halafu kuyumba, na safari hii vibaya kuliko mwanzo. Katikati ya hapo usukani ulipoanza kulala, gari lilipelekwa kufanyiwa alaimenti, yaani kunyooshwa mwelekeo, ya magurudumu ya mbele.

Hukumu ya kila mtu ilikuwa moja: spea ni feki. Dereva alikuwa na hakika, muuza duka alishagombezwa, na mama alishaamua kwamba safari ijayo atatafuta orijino kwa bei yoyote ile.

Ukaguzi

Hatukutaka kuanza kwa kufungua kitu. Tulipanga magurudumu ya mbele yakaelekea mbele sawasawa, tukapima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kushoto na kulia. Upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa milimita 12. Ekseli ya nyuma ilikuwa imekaa mshazari chini ya gari. Ndiyo sababu usukani ulikuwa umelala: magurudumu ya nyuma yalikuwa yanalisukuma gari upande, na ya mbele yanalazimika kupinda ili kulirudisha barabarani.

Kisha tukafunga simu kwa selotepu kwenye chasisi, kamera ikitazama jicho la mbele la amu ya chini kushoto, tukaiacha irekodi. Dereva akasogea mbele mita mbili na kufunga breki, akarudi nyuma akafunga breki. Hakuna mtu aliyeingia chini ya gari likiwa linaunguruma. Simu inaona vizuri kuliko jicho na haina mguu wa kukanyagwa. Kwenye video amu ilionekana ikisafiri ndani ya breketi karibu upana wa kidole, kisha kung'.

Gari likaenda juu ya shimo la ukaguzi, likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kwa tochi tukachungulia bushi moja moja, na hapo hukumu ya "feki" ikaanza kuyumba.

Bushi nane za amu zilikuwa zimepasuka. Lakini hazikupasuka ovyo. Kwenye kila moja mpasuko ulikuwa umefuata njia ya mshazari, na zote za upande mmoja wa gari zilielekea upande uleule, mithili ya kitambaa kilichokamuliwa. Mpira uliobaki ulikuwa bado laini, una rangi yake, na ulikuwa umeshikamana na chuma vizuri. Mpira mbovu kwa kawaida husema vingine: huwa mgumu na kukatikakatika, au unabanduka mzima kutoka kwenye bomba.

Bushi mbili zilizobaki, za rodi ya kukingama, zilikuwa nzima. Boksi lilelile, siku ileile, barabara ileile, magunia yaleyale.

Nikamuuliza dereva kama alikuwepo siku ya kufunga. Alikuwepo. Nikamwomba asimulie rodi ilifungwaje. Akasema ndiyo iliyowasumbua sana. Gari lilikuwa juu ya stendi, ekseli inaning'inia, amu zote nne zikaingia na kukazwa hapohapo bila shida. Rodi ikakataa, tundu lake na tundu la breketi havikutani. Wakahangaika, mwisho wakashusha gari chini, wakaisukuma bodi pembeni mpaka tundu likakaa, bolti ikapita, wakakaza.

Ndivyo inavyokuwa. Rodi ya kukingama inatembea kwa upinde, na ekseli ikining'inia inahama kidogo pembeni, kwa hiyo matundu yanakutana pale tu gari linapokuwa kwenye kimo chake. Rodi iliwalazimisha mafundi kufanya jambo sahihi. Amu hazikuwalazimisha.

Ili tusibaki na simulizi peke yake, tulitafuta ushahidi wa macho. Kwenye mwanya kati ya jicho la amu na breketi, kipande cha bomba la ndani la bushi huonekana. Tulichora kwa tipeksi mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye breketi hadi kwenye bomba, kisha, gari likiwa bado limekanyaga chini, tukalegeza nati ya amu ya juu kulia, ambayo bushi yake ilikuwa haijachanika mpaka mwisho. Nati ilipoachia tu, bomba liligeuka lenyewe kwa mlio mkavu. Mstari ukakatika vipande viwili, kimoja huku, kingine kule. Kwa miezi yote ile, hata gari likiwa limeegeshwa usiku nyumbani, mpira ulikuwa umepindwa na unavuta. Tulimwita mama ashuke ngazi za shimo aone. Alichungulia kwa muda, akauliza swali moja: "Kwa hiyo yule kijana wa duka hana kosa?"

Kwa nini kukaza gari likiwa linaning'inia huua bushi

Gari likiwa juu ya stendi zilizowekwa chini ya chasisi, springi hutanuka na ekseli hushuka. Chukua amu ya sentimita 60, na ekseli iliyoshuka sentimita 12 kutoka kimo chake cha kawaida: amu imeinama kwa zaidi ya digrii 11. Ukikaza nati hapo, unaufundisha mpira kwamba huo ndio mkao wa kupumzika. Ukishusha gari, mpira unapindwa digrii 11 kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Ongeza magunia, springi zinabonyea, unapindwa zaidi. Gonga shimo, unapindwa tena, na safari hii unakuta hauna akiba.

Bushi iliyokazwa gari likiwa kwenye kimo chake hujipinda kidogo kwenda juu na kidogo kwenda chini, na mara nyingi inarudi katikati ikapumzika. Ile nyingine haipumziki kamwe. Mpira wa ubora wowote, hata orijino, utachanika mapema ukitendewa hivyo.

Maamuzi

La kwanza lilikuwa amu nzima au bushi peke yake. Tulipozitoa amu za chini tuliona macho yake yana makovu ya patasi na kuungua. Bushi za zamani zilitolewa kwa moto na nyundo. Tulipima kwa venia (kipimo cha vipenyo) kila jicho mara mbili, wima na mlalo. Amu ya chini kushoto jicho halikuwa duara tena. Bushi mpya isingeshika humo, ingeanza kuzunguka kwenye jicho lenyewe. Tukamshauri mama anunue amu mbili mpya za chini zilizokuja na bushi zake. Amu za juu zilikuwa na macho mazima, zikatosha bushi mpya, za kuingizwa kwa presi (mashine ya kukandamiza). Alipendekeza amu za mtumba ili kupunguza gharama. Tulikataa, kwa sababu amu ya mtumba inakuja na mpira wenye umri kama wa gari ililotolewa, na ungelazimika kuukamua na kuingiza mwingine, gharama ikarudi palepale.

La pili lilikuwa aina ya bushi. Dereva alisikia habari za bushi za poliyurethani, zile ngumu za rangi, akazitaka kwa kuwa "hazifi". Kwenye gari hili sikuziafiki. Ekseli nzima inapopanda upande mmoja, amu haziendi juu na chini tu, zinajinyonga pia, na mpira unakubali kunyongwa kirahisi kuliko poliyurethani. Bushi hizo pia nyingi zinahitaji grisi yake maalumu kila baada ya muda, na vumbi la barabara za huko haliwezi kuziacha salama. Tukabaki na mpira wa kampuni inayoaminika.

La tatu lilileta ubishi: bushi za rodi tuzibadilishe au tuziache? Dereva alitaka zote kumi. Tuliziacha. Zilikuwa nzima, zimekazwa kwenye kimo sahihi, na kuzitoa kungekuwa kutumia pesa ya mama kununua hofu.

La nne ni kimo chenyewe. Gari hili hubeba mzigo, je, tukaze likiwa tupu au limepakia? Utaratibu wa kiwanda ni gari tupu, likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Tulipima kutoka habu hadi ukingo wa bodi juu ya matairi ya nyuma, pande zote mbili zikalingana, na springi hazikuwa zimebonyea. Kwa kuwa gari hurudi tupu mara nyingi kama linavyoenda na mzigo, tukafuata kiwanda.

Kazi

Tulitoa amu moja baada ya nyingine, hatukuzitoa zote pamoja. Amu zote zikitoka, ekseli huzunguka, pua ya difu (kasha la gia katikati ya ekseli) huinama, na bomba la breki na nyaya za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame wakati wa kufunga breki) hubeba uzito usio wao. Ukitoa moja na kurudisha moja, kila kitu kinabaki mahali pake.

Bolti ya mbele ya amu ya chini kulia ilikuwa imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi. Nati ilitoka, bolti ikazunguka na bushi. Tuliikata kwa grenda kwenye mwanya wa pande zote mbili za jicho, baada ya kukinga mabomba ya breki na mafuta kwa bamba la chuma na kumweka kijana na kizima moto pembeni. Bolti zote na nati zake zilinunuliwa mpya. Hatukuchoma mpira. Moshi wake ni sumu, na joto lile ndilo lililoharibu macho ya amu mara ya kwanza.

Kwenye presi tulisukuma bomba la nje la bushi kwa bomba la chuma lenye kipenyo chake. Ukisukuma bomba la ndani, nguvu yote inapita kwenye mpira na unaweza kuubandua kabla haujaona barabara. Jicho lilisuguliwa kutu kwanza, na mkao wa kila bushi ulinakiliwa kutoka kwenye ile ya zamani kwa alama ya chaki kabla haijatolewa.

Amu zote zikaingia, nati zikazungushwa kwa mkono mpaka zikagusa, basi. Magurudumu yakafungwa, gari likashushwa, likasukumwa mbele na nyuma, bodi ikabonyezwa kwa nguvu mara kadhaa ili springi zikae. Likaingia juu ya shimo, magurudumu yakawekewa vigingi, na nati zote zikakazwa kutoka chini kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha kitabu cha gari. Mwisho tukachora mistari ya tipeksi upya kwenye kila bushi.

Matokeo

Tofauti ya milimita 12 ikashuka hadi 2. Mkia ukatulia, dereva alipita lori kwenye lami na akarudi akiwa anacheka. Ila usukani ulilala tena, safari hii kushoto. Hilo tulilitarajia, na mama alikuwa ameambiwa kabla. Ile alaimenti ya mbele ilikuwa imefanywa kulingana na ekseli iliyokaa mshazari, kwa hiyo ekseli iliponyooka, mbele ndiko kukawa na kosa. Ilibidi alaimenti ifanywe upya.

Na kishindo? Kile kikubwa cha rivasi kikaisha. Kikabaki kidogo, cha gari linapokaribia kusimama, kama mtu anayeligusa kwa nyuma. Kilikuwa kimefunikwa na kile kikubwa. Kwenye Prado hizi kishindo cha namna hiyo mara nyingi kinatoka kwenye propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, pale vipande viwili vyenye meno vinapoteleza kimoja ndani ya kingine na grisi imekauka. Tukapiga grisi, kikaisha. Mama alikuwa na sauti mbili kwenye gari, na kila fundi alikuwa akitafuta moja.

Baada ya kilomita elfu moja gari lilirudi kukaguliwa nati, hakuna iliyolegea. Lilipopita miezi tisa tulilichungulia tena. Mistari ya tipeksi ilikuwa imenyooka, mpira hauna ufa, na bushi za rodi, zile za boksi lililolaumiwa, zilikuwa bado zinafanya kazi.

Uchambuzi

Kudumu kwa miezi tisa peke yake hakuthibitishi kwamba ukazaji ndio uliokuwa tatizo, kwa sababu safari hii tulitumia pia bushi za kampuni nyingine. Anayetaka kubishana ana haki ya kusema ubora ndio uliosaidia. Uzito wa hoja uko kwenye rodi na kwenye ule mstari uliokatika. Rodi ilikuwa na bushi zilezile na maisha yaleyale, ikapona. Kilichotofautiana ni gari lilikuwa wapi wakati nati inakazwa. Na mstari ulionyesha mpira ukivuta bila mzigo wowote.

Kilichokwamisha kazi za mwanzo ni kubadilisha kabla ya kupima. Shokapu hazikuwa na uhusiano na gari linalovutwa upande mtu anapoachia mafuta. Dalili hiyo inaelekeza moja kwa moja kwenye ekseli inayohama mbele na nyuma. Alaimenti ya mbele nayo ilifanywa bila mtu kupima nyuma. Kwenye gari la ekseli nzima, kupima habu kwa habu kwa futi ya kamba kunachukua dakika chache na hakuhitaji mashine.

Gereji ya pili sitaki kuihukumu kwa ukali. Walitambua tatizo la awali vizuri. Walikaza amu gari likiwa juu kwa sababu ndipo penye nafasi ya kuzungusha spana, na gereji nyingi hazina shimo. Hilo linaeleweka, na lina njia. Nati zikishagusa kwa mkono, nyanyua ekseli kwa jeki, ondoa stendi chini ya chasisi, uziweke chini ya ekseli yenyewe, moja kila upande karibu na gurudumu iwezekanavyo. Sasa springi zimebeba gari lote kama vile limekanyaga chini, na fundi bado ana nafasi ya kulala na kukaza. Ili kuhakikisha, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu yake, na ulinganishe na kipimo ulichochukua gari lilipoingia gereji, kabla jeki haijaligusa.